Macho ya Angani na Majirani wa Ziwa Moja

Leo katika mazungumzo yetu ya amani hatutaongea habari za bunduki. Tutaongea mvua, volkano na tetemeko la nchi, na habari zinazotoka juu angani kwa vyombo vinavyoitwa satelaiti. Utauliza: mambo hayo yanahusu amani kwa njia gani? Nivumilie kidogo, tutafika.

Sababu ya mazungumzo haya ni swali. Tulikuwa na mafunzo ya uraia katika komine ya Kadutu. Tulipomaliza, mama mmoja, mzaliwa wa Kalehe, alisimama akasema: "Mwanangu, wewe umesoma sheria. Watu wanasema kuna mashini huko juu zinazoona hata paa la nyumba yangu. Kama zinaona, mbona hakuna aliyewaambia watu wa Nyamukubi?" Watu wote walinyamaza. Mimi pia. Nilimwomba anipe muda nitafute jibu, na jibu lenyewe limekuwa refu kuliko nilivyodhani. Ndilo hili.

Nyamukubi mnaikumbuka. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko. Mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ikafurika, maji na mawe na matope yakashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe. Maiti zaidi ya 400 ziliokotwa, na watu maelfu walitangazwa kuwa hawakuonekana tena. Siku 2 kabla, usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei, mvua ya msimu ule ule ilikuwa imeua watu zaidi ya 130 ng'ambo ya ziwa, katika Rwanda ya magharibi na kaskazini. Shika jambo hilo vizuri, maana tutalirudia.

Kwanza tuelewane satelaiti ni kitu gani. Ni chombo kinachozunguka dunia na kupiga picha au kupima. Nyingine inakaa mbali sana, inaangalia upande mmoja wa dunia bila kuondoka. Ndivyo zilivyo zile za hali ya hewa zinazoitwa Meteosat, na ya kwanza yake ilirushwa mwaka 1977. Nyingine zinapita karibu zaidi na kurudi mahali pale pale baada ya siku kadhaa. Kati ya hizo kuna zenye radari, ambazo hazisumbuliwi na mawingu wala giza. Ukichukua picha ya radari ya leo na ile ya mwezi uliopita, ukazilinganisha kama fundi cherehani anavyolinganisha vipande viwili vya kitambaa, unaweza kujua kama ardhi imepanda au imeshuka, hata kwa sentimita chache. Lakini ndugu zangu, msidanganywe: hakuna satelaiti inayoweza kukuambia kwamba kesho saa nne kutakuwa na tetemeko la nchi. Anayekuambia hivyo anatafuta pesa yako.

Sasa historia. Mwaka 1972 Marekani ilirusha satelaiti ya kwanza ya kuchunguza mali ya ardhi, iliyoitwa ERTS na baadaye Landsat. Nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, haikulala. Kinshasa ilianzisha ofisi ya kutumia picha hizo, wakaiita ERTS-Zaïre. Ndiyo maana hata leo shirika letu la hali ya hewa, METTELSAT, linabeba neno satelaiti ndani ya jina lake. Wengi hudhani mambo hayo yametufikia juzi. Hapana, yalitufikia mapema, ila yalibaki Kinshasa.

Papo hapo yakazuka mabishano katika Umoja wa Mataifa. Nchi kama Brazil na Argentina zilisema: haifai mtu apige picha ya shamba langu bila kuniomba ruhusa, halafu aiuze kwa jirani yangu. Marekani ilisema anga ni la wote na picha ziwe wazi kwa kila mtu. Walibishana miaka mingi. Mwishowe, tarehe 3 Desemba 1986, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 41/65 lenye kanuni 15. Kanuni ya 12 inasema nchi iliyopigwa picha ina haki ya kuzipata picha hizo bila ubaguzi na kwa bei ya haki. Kanuni ya 11 ndiyo inayotuhusu zaidi: nchi yenye habari za satelaiti zinazoweza kuwafaa watu waliopatwa na janga la asili, au wanaotishiwa nalo, inapaswa kuwapelekea habari hizo upesi iwezekanavyo.

Nilipoisoma kanuni ile mara ya kwanza chuoni nilifurahi sana. Profesa wetu akanipoza. Azimio la Baraza Kuu si mkataba uliotiwa sahihi. Ukinyimwa picha, huna hakimu wa kumwendea wala polisi wa kumtuma. Ni ahadi ya waungwana, na ahadi ya waungwana inataka waungwana.

Miaka 10 baadaye sisi wenyewe tuliona ahadi hiyo ina uzito gani. Wengi wenu mnakumbuka kuliko mimi, kwa sababu nilikuwa mtoto mdogo niliyebebwa mgongoni. Mwisho wa Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu. Kambi za wakimbizi za Inera, Kashusha na nyingine zikavunjwa, watu wakakimbilia msituni, wakimbizi pamoja na wenyeji. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama lilikubali jeshi la mataifa mengi litumwe, likiongozwa na Kanada. Ndipo kukawa na ugomvi wa hesabu: wakimbizi waliobaki Zaïre ni wangapi? Wengine walisema wengi wamekwisha kurudi Rwanda, wengine walisema mamia ya maelfu wangali msituni. Picha zilizopigwa kutoka juu zilikuwepo. Mashirika ya misaada yalilalamika kwamba waliozishika walizieleza walivyotaka, na hawakuziweka mezani ili kila mtu ahesabu mwenyewe. Mwezi wa Desemba jeshi lile likaachwa. Waliokuwa msituni walibaki msituni.

Najua lile halikuwa janga la asili. Nalitaja kwa sababu linatufundisha swali la kuuliza kila tunaposikia neno satelaiti: picha iko mkononi mwa nani, na nani anaruhusiwa kuitazama?

Tuendelee. Mwezi wa Julai 1999 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa mambo ya anga huko Vienna. Baada yake, shirika la anga la Ulaya na lile la Ufaransa yalianzisha mapatano, na Kanada ikajiunga mwaka 2000. Yanaitwa Mapatano ya Kimataifa ya Anga na Majanga Makubwa, na yalianza kufanya kazi tarehe 1 Novemba 2000. Kazi yake ni hii: nchi ikipatwa na mafuriko, tetemeko au volkano, ombi moja linapelekwa, na wenye satelaiti wote wanageuza vyombo vyao kuelekea mahali pale na kutoa picha bila malipo. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mambo mazuri ambayo serikali zimewahi kukubaliana. Lakini mwanzoni mlango ulikuwa na ufunguo: waliokuwa na haki ya kupeleka ombi walikuwa idara za uokoaji za nchi wanachama tu. Sisi hatukuwa wanachama.

Haikupita miaka 2, Goma ikaungua. Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka upande wa kusini. Wazee wa Goma walikuwa wanaukumbuka mwaka 1977, tarehe 10 Januari, siku ziwa la moto lilipotoka kwa mbio kiasi kwamba watu wa vijijini hawakuweza kulikimbia. Safari hii moto ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukateremka mpaka ndani ya ziwa Kivu. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji iliteketea. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi.

Hebu fikiri wakati wenyewe. Goma ilikuwa mikononi mwa RCD. Kinshasa haikuwa na mkono pale. Askari wa Rwanda walikuwa ndani ya nchi yetu. Na katikati ya hayo, mtu wa Goma anaokota godoro lake na kukimbilia kwa jirani ambaye anamwogopa na kumlaumu kwa vita. Wengi hawakulala huko zaidi ya siku 2 au 3. Walirudi wakikanyaga mawe yaliyokuwa bado ya moto, kwa sababu waliogopa kuibiwa, na kwa sababu neno ukimbizi lilikuwa limekwisha kuwa baya kwa pande zote mbili. Tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kilicholipuka katikati ya lava kiliua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta.

Watafiti wa Goma walikuwa na mashini 2 tu za kupima mitetemo zilizokuwa zikifanya kazi. Na walionya, lakini sauti yao haikufika mbali. Baada ya mlipuko, mapatano yale ya anga yaliitishwa kwa ajili ya Goma na picha zikapigwa. Mji ulikuwa wetu, moto ulikuwa wetu, ufunguo ulikuwa Ulaya. Baadaye wataalamu walilinganisha picha za radari za Kanada na za Ulaya, wakaonyesha kwamba moto ulikuwa umejipenyeza chini ya ardhi hata chini ya Goma na chini ya ziwa. Hapo ndipo wengi walipotetemeka, maana ziwa Kivu lina gesi ya kaboni ipatayo kilomita za ujazo 300 na methani ipatayo 60. Huko Kameruni, mwaka 1986, gesi iliyotoka katika ziwa dogo la Nyos iliua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Asante Mungu, walipopima ziwa letu waliona tabaka za gesi hazikuvurugika.

Sasa nije nyumbani. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi baada ya saa tatu na nusu. Nilikuwa kijana wa sekondari, tulikuwa ibadani. Nakumbuka kwanza sauti, kama lori kubwa linalopita chini ya benchi, halafu vumbi likaanguka kutoka dari juu ya wanakwaya, halafu kila mtu mlangoni. Kanisa letu lilisimama. Ng'ambo ya Ruzizi, katika sehemu za Cyangugu, kuna kanisa lililoanguka juu ya watu waliokuwa wakisali. Tetemeko lilikuwa na nguvu ya karibu 6, likaua watu wapatao 40 pande zote mbili, na wengi wao walikuwa Wanyarwanda.

Juma lile tulilala nje. Na nje, kando ya moto, maneno hayakosi. Katika kartieri yetu nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema: "Ni wale wanaochimba gesi ng'ambo, wametutikisa makusudi." Sina shaka kwamba ng'ambo nako kulikuwa na waliosema maneno ya aina hiyo juu yetu. Ndivyo vita vinavyoanza, ndugu, si siku risasi inapolia, bali siku jirani anapopewa kosa la mlima.

Lakini satelaiti ya Ulaya iliyoitwa Envisat ilikuwa imepita kabla ya tetemeko, ikapita tena baada yake. Watafiti wa Ubelgiji na Luxemburg, pamoja na wenzao wa huku, walilinganisha picha hizo. Zilionyesha ardhi iliyoshuka kando ya ziwa, na kwamba chanzo ni ufa wa chini sana katika bonde hili la ufa linalopanuka polepole tangu kabla ya binadamu. Hakuna mchimba gesi anayefika huko. Katika picha ile unaona mistari ya rangi inayozunguka kama pete za mti, bila kujali upande upi ni Kongo na upi ni Rwanda. Niliiona nikiwa tayari chuoni, miaka kadhaa baadaye. Nilijiuliza ingefanya kazi gani kama ingebandikwa ukutani sokoni Kadutu na sokoni Kamembe majuma machache baada ya tetemeko, na maelezo ya Kiswahili chini yake. Ilitoka katika jarida la wataalamu, mwaka 2011, kwa Kiingereza.

Tangu wakati ule mlango umefunguka kidogo. Mwaka 2003 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya anga iliruhusiwa kupeleka maombi kwa niaba ya nchi nyingine. Mwaka 2012 wenye mapatano wakaamua kwamba idara ya uokoaji ya nchi yoyote inaweza kujiandikisha na kuomba yenyewe. Mwaka 2014 Ulaya ilirusha satelaiti ya radari inayoitwa Sentinel-1, na picha zake ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Mtu yeyote mwenye intaneti! Maneno hayo ni mepesi ukiyasikia mbali na Kivu.

Maana tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ulipasuka tena, na kituo cha Goma cha kuchunguza volkano kilikuwa kimepita miezi kadhaa bila pesa ya kulipia intaneti, kwa sababu mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka 2020. Tuwe wakweli: hata wenye mashini zote walisema baadaye kwamba mlima haukutoa dalili ya wazi safari ile. Watu wapatao 30 walikufa na lava ikasimama ukingoni mwa mji. Siku zilizofuata ndizo zilizoonyesha faida. Mitetemo haikukoma, na picha za radari zilionyesha ardhi ikifunguka kuelekea chini ya mji na chini ya ziwa. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru kartieri 10 za Goma ziondoke. Mamia ya maelfu walikwenda Sake, Minova, Rwanda, na wengine walifika hapa kwetu kwa mashua. Wengi wenu mliwapokea, mkalala wawili kitanda kimoja. Mlipuko wa pili haukuja, na wako waliocheka kwamba walikimbizwa bure. Mimi siwacheki wala siwalaumu waliotoa amri. Afadhali kurudi nyumbani umekasirika.

Sasa mama yangu wa Kadutu, nakuja kwako.

Mashini zilikuwepo. Wakati ule Meteosat ilikuwa inapiga picha ya mawingu ya Afrika kila dakika 15. Tangu miaka ya 2000, kwa mradi wa Ulaya ulioitwa PUMA, kila idara ya hali ya hewa ya Afrika ilipewa chombo cha kupokea picha hizo, Kinshasa ikiwemo. Lakini mapatano yale ya anga niliyoyasifu yanakuja baada ya janga. Ni zimamoto, si mlinzi wa usiku. Kazi ya mlinzi ni ya idara ya hali ya hewa ya kila nchi. Na kutoka chombo cha Kinshasa mpaka mtu anayepanga nyanya sokoni Nyamukubi hapakuwa na njia. Tena tusiiseme mvua peke yake: milima ilikuwa imekatwa miti, na nyumba zilijengwa mdomoni mwa mto kwa sababu ardhi nyingine ilikuwa ya wengine au ya wenye silaha.

Lakini kinachoniuma zaidi si hicho. Tarehe 3 Mei asubuhi, radio zote zilitangaza maiti za Rwanda. Sisi tulisikia tukasema pole, au hatukusema kitu, maana wakati ule serikali hizi mbili zilikuwa zinashitakiana juu ya vita vya M23. Hakuna aliyesikia habari ile kama onyo. Haikuhitaji satelaiti. Ilihitaji mtu mmoja wa ng'ambo kumwambia mtu mmoja wa huku: hapa milima inashuka, angalieni mito yenu. Wavuvi wa sambaza wanaitana juu ya maji usiku kucha, lakini kati ya shefu na shefu simu hailii.

Nilimrudia mama yule nikamweleza haya yote, karibu saa nzima. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Basi siku nyingine, nani atapiga simu?"

Tumeanza kuandika orodha. Tunaandika namba za wakubwa wa vijiji, za waalimu, za wauguzi wa vituo vya afya na za wenye mashua, kutoka Kabare mpaka Minova na kule Idjwi, na tunatafuta wenzetu wa Rusizi na Karongi walio tayari kuandikwa upande wao. Kuna vijiji vingi ambavyo bado hatuna hata jina moja. Ukiwa wa huko, tuletee jina la mtu anayeamka usiku na simu yake haikosi chaji.